MUME ANAYENGOJEA MTOTO WA KWANZA

Wengi wa wale waliofunga ndoa katika parokia zetu majuma ya baada ya Pasaka, sasa wamo katika kungojea. Majilio ya Kanisa yamewakuta wakiwa na majilio yao wenyewe nyumbani. Mke ahesabu miezi, mume ahesabu shilingi, na wote wawili hawajazoea bado kuitwa mume na mke. Chumba ni cha kupanga, kodi yake ya miezi sita imelipwa kwa taabu. Masufuria ya arusi yangali yakimetameta. Na hao twapenda kusema nao leo. Zaidi sana twapenda kusema na mume, kwa sababu mke wakati huu husemeshwa na kila mtu, wakwe, mashangazi, majirani na wakunga, naye mume huachwa aketi nje.

Si siku nyingi zilizopita tulifika katika nyumba moja ya namna hiyo. Mji hatuutaji, wala parokia. Mke alikuwa katika mwezi wa saba, ameketi juu ya kigoda akichambua mchele. Mume ni fundi wa pikipiki, kijana mwema, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyekosa Misa ya Jumapili. Mama yake mume alikuwa amekuja kutoka kijijini kumwangalia mkwewe. Na kila jioni simu ililia: ni mama yake mke, akiuliza binti yake arudishwa lini nyumbani, maana kwa desturi yao mimba ya kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Kijiji hicho ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na kutoka huko hata zahanati ni mwendo mrefu wa miguu. Mama wa mume naye alikuwa na lake: mtoto ni wa ukoo wa mwanawe, na azaliwe hapa hapa, na jina lake liwe la babu. Yule binti aliketi katikati ya akina mama wawili, akiambiwa huku aende na huku abaki, akalia usiku.

Tulimwuliza mume, Wewe wasemaje? Akacheka kidogo, akatujibu ya kuwa hayo ni mambo ya wanawake, naye ameamua kunyamaza asije akamkosea mama yake wala mama wa mwenzake. Akaongeza neno ambalo kwake lilikuwa kama ngao: hata Mtakatifu Yosefu alinyamaza. Kisha akachukua kofia yake akaenda kwenye bao.

Neno lile lilitufuata njia nzima. Twakiri kwamba pale pale hatukuwa na jibu.

Ni kweli, Mtakatifu Yosefu alinyamaza. Mtu akizisoma Injili zote nne kutoka mwanzo hadi mwisho, hatakuta neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Na mtu huyu asiyesema, Kanisa limemheshimu sana. Papa Pio IX alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote tarehe 8 Desemba 1870. Papa Pio XII mwaka 1955 akampa siku ya Mei Mosi, awe mfano wa wafanya kazi. Papa Yohane XXIII mwaka 1962 akaliingiza jina lake katika Kanuni ya Misa. Naye Papa Fransisko, miaka 150 baada ya tangazo la Pio IX, aliandika barua nzima juu yake, akafundisha kwamba ubaba hauji kwa kuzaa peke yake, bali mtu hujifunza kuwa baba kwa kumtunza mtoto.

Lakini tumtazame vema mtu huyu mnyamavu, tuone alifanya nini. Mtakatifu Mateo asema ya kwamba alipopata kujua kuwa Maria ana mimba alifadhaika, kisha, alipokwisha kuelezwa na malaika katika ndoto, aliamka akamchukua nyumbani kwake. Hakumwacha mikononi mwa wasemaji wa kijiji. Mtakatifu Luka asema kwamba ilipotoka amri ya kuandikishwa, Yosefu alipanda kwenda Bethlehemu pamoja na Maria aliye mjamzito, safari ya siku kadhaa. Huko walikosa nafasi katika nyumba ya wageni, na mtoto akalazwa katika hori. Injili haisemi ni nani aliyeitafuta ile hori. Sisi twafikiri kwamba si Maria aliyezunguka usiku ule akibisha milango. Kisha Herode akataka kumwua mtoto. Yosefu akaambiwa usiku, na usiku ule ule akaondoka na mtoto na mama yake kwenda Misri. Hakungoja kuche, wala hakwenda kwanza kutaka shauri la ukoo. Waliporudi alisikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake, akaogopa, akageukia Galilaya, akafanya makao Nazareti. Na jina la mtoto? Malaika alimpa Yosefu kazi ya kumwita Yezu, naye akamwita hivyo.

Basi tazameni. Mahali pa kuzaliwa mtoto, mahali pa kukaa familia, jina la mtoto: mambo yale yale matatu ambayo ndugu yetu fundi aliyaita ya wanawake, katika Injili yote yamepita mikononi mwa Yosefu. Ukimya wake ulikuwa wa mtu mwenye kazi nyingi. Ukimya wa ndugu yetu ni wa mtu anayekimbia ugomvi. Twaogopa kwamba katika nyumba zetu ukimya huu wa pili ndio ulio mwingi, na kwa kuwa hauna matusi wala makofi, hakuna anayeuungama.

Yuko mume mwingine katika Injili ya Majilio ambaye yafaa akumbukwe hapa, naye ni Zakaria. Huyu hakunyamaza kwa hiari; alifungwa ulimi kwa kuwa hakumwamini malaika. Mtoto wake alipozaliwa, siku ya nane, majirani na jamaa walikuja wamekwisha kupatana jina: aitwe Zakaria kwa jina la baba yake. Elizabeti akakataa, akataka Yohane. Jamaa wakamkumbusha ya kuwa katika ukoo wao hakuna mwenye jina hilo. Wakamwacha mwanamke wakamgeukia mume, kama jamaa wafanyavyo hata leo. Na yule bubu alifanya nini? Aliomba kibao akaandika jina lile lile alilolisema mkewe. Hakuwa na ulimi, lakini alipata njia ya kusimama upande wa mkewe mbele ya ndugu zake. Wanaume wenye ndimi zao nzima wana udhuru gani?

Sasa wako watakaosema kwamba twafundisha vijana kuwadharau wazazi. La hasha. Amri ya nne ya Mungu haifutwi na pete ya ndoa. Tena Bikira Maria mwenyewe, alipopata habari ya jamaa yake Elizabeti, alikwenda akakaa naye yapata miezi mitatu, na msaada wa mwanamke kwa mwanamke wakati kama huu hauna badala. Mama mzee ajua kumwogesha mtoto aliye laini kama yai, ajua kulitambua lia la njaa na lia la tumbo, ajua kumshika mkono mzazi anapotokwa na jasho la hofu. Nyumba yenye mtoto wa kwanza ikimpata mama wa namna hiyo na imshukuru Mungu. Lakini kitabu cha Mwanzo, kinapoeleza ndoa, chasema kwamba mwanamume atamwacha baba yake na mama yake na kuambatana na mkewe. Angalieni ni nani anayeambiwa aache. Katika makabila yetu mengi ni mwanamke anayeondoka kwao akiwa amebeba sanduku, naye mume hubaki alipokuwa. Maandiko yampa mume safari ambayo wengi wetu hatukuifunga mizigo yake. Kuacha maana yake si kutupa. Ni kukubali ya kwamba kuanzia siku ile ya altareni shauri la kwanza ni la hao wawili, na wazazi huja baada yake, wakiheshimiwa na kusikilizwa. Hata Kanisa letu la Kilatini hufundisha kwamba wenye kupeana Sakramenti ya Ndoa ni bwana na bibi arusi wenyewe; padre hupokea ahadi zao kwa jina la Kanisa. Waliopewa neema ya kupeana sakramenti hawakunyimwa neema ya kupatana juu ya mahali pa kuzalia.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mabishano madogo ya wakwe, nayo yatakwisha mtoto akizaliwa. Mara nyingi ndivyo. Lakini yako mabishano yanayokwisha kwa jeneza. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza sababu za akina mama kufa katika uzazi kwa kutazama namna tatu za kuchelewa. Ya pili ni kuchelewa njiani, na ya tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Ya kwanza yatokea nyumbani: ni kuchelewa kukata shauri la kwenda. Usiku wa manane damu imetoka. Mama mkwe asema, tungoje, hata mimi ilikuwa hivi. Shangazi asema iletwe dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, dawa ambayo wakunga huikataza kwa nguvu, maana yaweza kupasua mji wa mimba. Mke hana nguvu za kubishana na mtu. Katika saa ile yuko mtu mmoja tu mwenye haki na wajibu wa kusema, Twende sasa. Na ikiwa kwa miezi tisa amezoea kuchukua kofia na kutoka, saa ile ataupata wapi ulimi?

Twashukuru kwamba katika nchi yetu hali imekuwa njema zaidi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Wakunga na waganga wetu wastahili sifa. Walakini katika nyumba ambamo mama hakurudi, hesabu hiyo haisomwi; husomwa kanga zake zilizokunjwa.

Kwa hiyo twawaomba waume mambo ya wazi, yasiyo na fumbo. Nenda kliniki pamoja na mkeo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya si chini ya mara nane. Hatusemi uache karakana yako mara zote nane, lakini mara ya kwanza usikose, maana hapo hupimwa damu zenu wote wawili, na si haki mke apokee peke yake habari inayowahusu wawili. Sikiliza wewe mwenyewe mkunga anapotaja dalili za hatari: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa, kifafa, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Zishike kwa moyo kama ulivyozishika sala zako. Lala na mkeo ndani ya chandarua, na umkumbushe vidonge vya kuongeza damu hata akivichukia. Weka fedha ya gari mahali ambapo ninyi wawili mwapajua, isiguswe na mchango wala deni. Zungumza mapema na mwenye bajaji au gari wa mtaani, ujue anapolala. Na kama umeajiriwa, usione haya kuomba ruhusa. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 ilimwekea baba siku tatu za malipo mtoto anapozaliwa. Siku tatu ni chache, lakini tumewaona waliozimaliza kwa kupongezwa vilabuni.

Na hapa tuseme neno la kando juu ya arusi zetu. Kwa arusi huundwa kamati, hutolewa kadi za michango, hukaliwa vikao kila juma, na fedha hupatikana za ukumbi, za mapambo, za keki yenye ngazi. Miezi saba baadaye mke yule yule ahitaji kanga safi, mpira wa kulalia, pamba na nauli, na hakuna kamati. Mume angali akilipa deni la suti. Sisi hatuchukii furaha; Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Lakini laiti jumuiya ndogo ndogo zingetenga sehemu ya kumi ya michango ile na kuikabidhi kwa maarusi kwa ajili ya uzazi wa kwanza, tungekuwa tumefanya jambo la Kikristu kuliko mengi tuyafanyayo kwa tarumbeta.

Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake wa tarehe 22 Novemba 1981 juu ya familia, Familiaris Consortio, alisema wazi kwamba baba asipokuwako nyumbani huleta madhara, na baba anayekuwako kwa ubabe huleta madhara vile vile; akamtaka mwanamume ashike kwa ukarimu dhamana ya uhai uliotungwa chini ya moyo wa mkewe. Twapenda neno hilo, maana lamtaka mume aanze kabla ya kuzaliwa. Wengi hudhani ubaba huanza siku ya ada ya shule.

Yako pia maandalio ya roho, nayo si marefu. Salini pamoja jioni, hata kama ni Salamu Maria moja na usingizi unawaelemea. Mume aweke mkono wake tumboni mwa mkewe amwombee mtoto asiyemwona. Mwendeeni padre awabariki, maana Kanisa lina baraka ya mama kabla ya kujifungua, na wengi hawaiombi kwa kuwa hawaijui. Chagueni mapema wasimamizi wa ubatizo, watu wa imani, si watu wa zawadi. Msicheleweshe ubatizo mkingoja fedha za karamu. Sheria ya Kanisa yawataka wazazi wahakikishe kwamba mtoto abatizwa katika majuma ya kwanza. Na mtoto akizaliwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa aweza kumbatiza kwa kummiminia maji na kutaja Nafsi Tatu za Mungu. Baba anayengojea nje ya mlango wa wodi na ayajue maneno hayo. Siku ya ubatizo, katika ibada iliyotolewa mwaka 1969, mwishoni padre hubariki mama kwanza, kisha baba. Mara nyingi tumeona baba akitafutwa wakati huo, yuko nje ya kanisa akishughulika na mpiga picha.

Tulirudi katika nyumba ile tuliyoisema juma lililopita. Hatukwenda kuhubiri, tulipeleka salamu tu, na habari hii ya Zakaria na kibao chake tulimsimulia fundi karakanani pake, mikono yake ikiwa imejaa mafuta. Alisikiliza bila kutujibu. Baadaye tulisikia kwamba usiku ule ule alimpigia simu mama wa mke, akasema naye kwa adabu, kwa muda mrefu, akimweleza ya kuwa safari ile ni mbaya kwa mwezi wa nane, na hospitali iko karibu nao hapa mjini. Basi kama ataridhia yeye aje, nauli atamtumia. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza basi laondoka saa ngapi. Mama yake mwenyewe alikuwa kazi ngumu zaidi. Alinuna siku mbili, akafunga mizigo, akaifungua.

Sasa akina mama wote wawili wako pale, wamegawana jiko: mmoja apika mchana, mwingine jioni, na kila mmoja husifu chakula chake. Fundi amehamia kulala kwa rafiki yake nyumba ya pili, maana chumba hakitoshi, ila kila alfajiri huja kuchota maji kabla ya kufungua kazi. Fedha ya gari imo ndani ya kopo la chai, na mke ajua lilipo. Mtoto hajazaliwa. Jina nalo halijapatikana: mume ataka Yosefu, na mke amwambia angoje kwanza, huenda akawa msichana.